Kutafsiri "set" bila kuharibu kazi: mwongozo kamili

Kipeperushi cha parachichi kinachozungumzia "seti mbaya ya matunda". Maelekezo ya ujenzi yanayomwambia fundi "aweke saruji saa moja". Barua ya kesi inayosomeka kana kwamba hukumu imetunzwa pembeni, kumbe imefutwa. Makosa yote matatu yanatoka kwenye neno moja la herufi tatu, "set", na yanajirudia kila karatasi ya Kiingereza inapofika Njombe, Mafinga au Mbeya na kukabidhiwa mtu wa kuigeuza Kiswahili.

Wengi wanaokosea wanajua Kiingereza vizuri tu. Wanachokosea ni mpangilio wa kazi: wanafungua kamusi kabla ya kuikagua sentensi, wanachukua maana ya kwanza, wanahamia mstari unaofuata. Kwa neno kama "onion" utapona. Kwa "set" huponi, kwa sababu toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, la mwaka 1989, lililiorodheshea maana 430.

Mwongozo huu ni wa anayetafsiri vipeperushi vya kilimo, mwalimu wa sekondari, karani wa ofisi ya kijiji na fundi anayesoma kitabu cha mashine mwenyewe. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya pili au ya nne, ya sita haitakusaidia kitu.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Karatasi asilia nzima. Picha ya aya moja iliyotumwa kwa WhatsApp haitoshi, maana mara nyingi jibu liko kwenye kichwa cha habari au kwenye mchoro uliokatwa.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Za Oxford, Cambridge na Longman zinapatikana bure mtandaoni.
- Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam), iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, pamoja na Kamusi ya Kiswahili Sanifu.
- Kamusi ya asili za maneno. Etymonline ni ya bure na inafunguka hata kwenye simu yenye intaneti dhaifu.
- Daftari, kalamu ya wino na penseli. Wino ni wa kilichothibitishwa, penseli ni ya unachokisia.
- Namba ya simu ya mtu wa kazi husika: mkulima, fundi mwashi, karani wa mahakama, muuguzi. Huyu ni muhimu kuliko kamusi zote nne, na ndiye anayesahaulika.

Programu ya kutafsiri ya kwenye simu iache kwanza. Inakupa jibu moja bila kukuonyesha ililichagua kati ya mangapi, na ukishaliona ni vigumu kulitoa kichwani. Itafaa mwishoni, kwa kukagua tu.

## Hatua ya 1: Nakili sentensi tatu

Andika daftarini sentensi yenye "set", iliyotangulia na inayofuata. Piga mstari chini ya "set" na chini ya jina la kitu kilicho karibu nalo zaidi. Hiyo inatosha.

Ukiandika neno peke yake, umetupa ushahidi. Watu wanaouliza "set maana yake nini?" wanastahili kujibiwa kwa swali: iko wapi, na iko karibu na nani?

## Hatua ya 2: Jua neno linafanya kazi gani

Kabla ya maana, pata aina ya neno. "Set" inaweza kuwa kitenzi, nomino au kivumishi bila kubadilika herufi hata moja, kwa hiyo tazama majirani.

Ikitanguliwa na "a", "the", "this" au namba, na baada yake hakuna jina la kitu, karibu kila mara ni nomino: "a set of spanners", "two sets". Ikikaa kati ya "the" na jina la kitu, ni kivumishi: "the set price" ni bei iliyokwishapangwa, isiyojadiliwa. Ikitanguliwa na "to", "must", "will" au na mtenda, ni kitenzi. Ikianza sentensi bila mtenda yeyote, kama kwenye maelekezo ya mashine, ni amri: "Set the lever to zero."

Kama ni kitenzi, uliza swali la pili: kina mtendwa, yaani kitu kinachofanyiwa jambo? "The mason set the post" kina mtendwa, nguzo. "The concrete set" hakina. Zege lenyewe ndilo limefanya jambo. Tofauti hii inapunguza orodha ya maana, kwa hiyo iandike pembeni kwa wino.

Tahadhari ya wakati. "Set" haibadiliki katika wakati uliopita. "They set the price" inaweza kuwa "wanapanga bei" au "walipanga bei". Kiingereza kinaweza kukaa na utata huo. Kiswahili hakiwezi, kwa sababu lazima uchague kati ya -na-, -li- na hu-. Kwa mtenda mmoja wa nafsi ya tatu una msaada: "he sets" ni wakati uliopo au mazoea, "he set" ni uliopita. Kwa "I", "we", "you" na "they" tafuta neno la wakati kama "yesterday" au "every season", au tazama vitenzi vya sentensi jirani ulizonakili. Usipolipata, andika kwa penseli na uulize.

Hatua imekamilika ukiweza kusema kwa sauti: "Hapa ni kitenzi, kina mtendwa, mtendwa ni nguzo, wakati ni amri."

## Hatua ya 3: Kagua kijineno kinachofuata

"Set" hupenda kushikana na "up", "off", "out", "in", "aside", "back" na vingine vya aina hiyo, na wakishashikana wanakuwa kitenzi kipya. "Set out for Tunduma" ni kufunga safari ya Tunduma. "Set off the alarm" ni kuliza kengele. "Set back" ni kurudisha nyuma kazi. "Set up a group" ni kuanzisha kikundi.

Ugumu ni kwamba si kila kijineno kilicho karibu kimeshikana nalo. Linganisha hizi mbili:

"The rains set in."

"The post was set in concrete."

Katika ya kwanza "in" ni mali ya "set". Katika ya pili "in" ni mali ya "concrete", inaeleza mahali: nguzo imesimikwa kwenye zege. Jaribio lake ni rahisi. Funika kwa kidole kila kinachofuata kijineno. "The rains set in" inasimama yenyewe. "The post was set in" inabaki inaning'inia, hivyo "in" ilikuwa inafungua maelezo ya mahali.

Jaribio hili halifai kwa "set aside" na "set off" zenye mtendwa. Kwa hizo jaribu kuhamisha mtendwa katikati: "set off the alarm", "set the alarm off". Zote mbili zikikubalika, wameshikana.

## Hatua ya 4: Lipeleke kwenye ukoo wake

Hapa ndipo asili ya neno inakuwa kifaa cha kazi. Neno "set" lina koo mbili, zilizofika kwenye Kiingereza kwa njia tofauti na kukutana kwenye matamshi yale yale.

Ukoo wa kwanza ni wa Kiingereza cha kale, "settan", yaani kukalisha. Limetokana na "sittan", kukaa. Kwa Mswahili hili halihitaji maelezo marefu: kaa na kalisha, lala na laza, simama na simamisha. Sisi tunaongeza kiambishi au kubadili mwisho wa neno. Wao walibadilisha irabu ya katikati. Ndiyo maana wana "sit" na "set", "lie" na "lay", "rise" na "raise", "fall" na "fell". Kila jozi ina neno la kufanya na neno la kusababisha.

Kutoka kwenye kukalisha, maana zinatawanyika. Nguzo inakalishwa shimoni: kusimika. Mfupa uliovunjika unakalishwa mahali pake: kuunga. Mtego unakalishwa njiani: kutega. Bei, tarehe au lengo linakalishwa lisiyumbe: kupanga. Kisha kitu kinachokaa chenyewe na kutulia: saruji inashika, jeli inaganda, ua linashika tunda. Hata jua "likikaa" chini ya mlima, kwetu ni jua kutua.

Ukoo wa pili umepitia Kifaransa cha kale, "sette", kutoka Kilatini "secta", yaani wafuasi au kundi linalofuata njia moja. Neno "sect" la madhehebu ni ndugu yake wa damu. Hapa ndipo penye seti ya spana, seti ya vikombe na seti ya somo la hisabati.

Ili kujua uko ukoo upi, jiulize maswali mawili. Je, kuna kitu kilichokalishwa au kilichotulia mahali? Ukoo wa kwanza. Je, kuna vitu vinavyokwenda pamoja kiasi kwamba kikipungua kimoja pengo linaonekana? Ukoo wa pili.

Tahadhari ya hatua hii. Usidhani kila nomino ni ya ukoo wa pili. "Onion sets" ni nomino, lakini si seti za vitunguu: ni vitunguu vidogo vilivyokuzwa na kukaushwa kwa ajili ya kupandwa tena msimu unaofuata. Vimeitwa hivyo kwa kuwa vinakalishwa ardhini. Mkulima wa vitunguu wa Iringa akisoma "nunua seti za vitunguu" ataenda kutafuta mafungu sokoni, wakati mwandishi alimtaka anunue mbegu. "Film set", yaani mandhari iliyojengwa kwa ajili ya kupiga filamu, nayo ni ya ukoo wa kwanza. Koo hizi zimeishi nyumba moja kwa karne nyingi na zimeazimana mengi, kwa hiyo jibu la maswali mawili ya juu lina nguvu kuliko aina ya neno.

## Hatua ya 5: Taja uwanja

Andika kwa neno moja sentensi inatoka kazi gani: ujenzi, shamba, gereji, mahakama, shule, hospitali, simu. Ukishataja uwanja, maana zinabaki mbili au tatu. Viwanja vinavyoleta shida zaidi kwetu ni hivi.

### Ujenzi

"Set" ya saruji ni kushika. Mafundi wetu wanasema "zege limeshika", na kila mtu saiti anaelewa. Kosa kubwa si kuandika "weka" tu. Ni kuchanganya "set" na "harden", yaani kukomaa. Kushika ni pale mchanganyiko unapoacha kuwa uji na kukataa kubadilishwa umbo. Kukomaa ni kupata nguvu, na nguvu ya saruji hupimwa siku ya 28. Kwa kiwango cha saruji cha Ulaya, EN 197-1, saruji ya daraja la 42.5 haitakiwi kuanza kushika kabla ya dakika 60, na ya 32.5 kabla ya dakika 75. Namba hizo zinampa fundi muda wa kuchanganya, kubeba na kumwaga.

Kwa hiyo maelekezo yanayosema "use before initial set" yanamwambia atumie zege kabla halijaanza kushika. Ukiandika "kabla halijakauka", umemruhusu kuongeza maji kwenye zege lililoshika na kulimwaga, maana kwa macho bado lina unyevu. Zege la namna hiyo hupasuka. Tena neno "kukauka" liepuke kabisa hapa: saruji hushika kwa kuungana na maji, na ikikaushwa mapema inakuwa dhaifu. Ndiyo sababu zege humwagiliwa maji baada ya kushika.

### Shamba

"Fruit set" ni maua kushika matunda. Mparachichi uliokomaa unaweza kutoa maua yanayofika milioni, na yanayoshika tunda ni chini ya asilimia moja. Kwa hiyo "low fruit set" haimaanishi matunda mabaya wala madogo, bali kwamba maua mengi yamepukutika bila kushika. Mkulima wa parachichi aina ya Hass akielewa kwamba matunda ni mabaya atatafuta dawa ya kupulizia. Akielewa kwamba hayakushika ataangalia nyuki, baridi ya wakati wa maua na maji. Hayo ni matumizi mawili tofauti kabisa ya fedha.

"Rains set in" ndiyo tafsiri iliyotia hasara zaidi, kwa maoni yetu. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili au Mei, na mara nyingi mvua za mwanzo hutangulia kisha zikakatika. Maelekezo yanasema panda "once the rains have set in". Mtafsiri anaandika "mvua ikinyesha". Mkulima anapanda mahindi kwa mvua ya kwanza, ardhi inakauka, mbegu inaoza au inachipua na kufa. Andika "mvua zikishashika" au "mvua zikishaanza kunyesha mfululizo".

### Mahakama na ofisi

"Set aside" ina nyuso mbili. Fedha au eneo likiwa "set aside", limetengwa. Hukumu, amri au uamuzi ukiwa "set aside", umetenguliwa. Kutenga na kutengua zimepishana kwa silabi moja na maana zake zinapigana ngumi. Kanuni ya kushika: mtendwa akiwa kitu cha kutumika baadaye, tenga, akiwa uamuzi wa mtu au chombo, tengua.

### Shule

Mwalimu "sets an exam", mwanafunzi "sits an exam". Anayetunga na anayefanya. Ukichanganya irabu moja kwenye taarifa ya shule, mwalimu mkuu atakuwa ameingia chumba cha mtihani na wanafunzi wake. "Set books" ni vitabu teule.

### Gereji, simu na mengineyo

Huku lugha imeshajitatua. Fundi wa gereji anaseti taimingi, anaseti tapeti, na kuna seti ya spana ukutani. Simu inasetiwa, alamu inategeshwa, na "settings" ni mipangilio. Tumia hayo.

## Hatua ya 6: Sasa fungua kamusi

Anza na ya Kiingereza kwa Kiingereza. Nenda kwenye aina ya neno uliyoipata hatua ya pili, usianze juu ya ukurasa. Kamusi nyingi za wanafunzi huweka alama ya kitenzi chenye mtendwa na kisicho na mtendwa. Ruka upande usiohusika. Vitenzi vyenye vijineno kwa kawaida viko mwishoni kabisa mwa ingizo, katika kundi lake, na watu wengi hawafiki huko.

Soma mifano kabla ya maelezo. Ukipata mfano unaofanana na sentensi yako kwa aina ya kitu, uko karibu. Sentensi yako ina zege, mfano una jeli: vyote ni vimiminika vinavyotulia, endelea. Sentensi yako ina zege, mfano una meza: rudi.

Chukua maana zisizozidi tatu, ziandike kwa penseli. Ndipo ufungue kamusi ya TUKI kutafuta Kiswahili cha hizo tatu. Ukianza na TUKI utakuta visawe vingi vilivyopangwa pamoja, na jicho la mtu mwenye haraka hutua kwenye kile anachokijua zaidi. Hicho huwa ni "weka".

Kuhusu "weka". Neno hili ni mtego mzuri sana kwa sababu linakaribia kuwa sahihi kila mahali. Kuweka rekodi, sawa. Kuweka alamu, inaeleweka. Lakini kuweka mtihani, kuweka mtego, kuweka mfupa na kuweka saruji ni Kiswahili cha mtu aliyechoka. Kabla ya kukubali "weka", jilazimishe kutafuta kitenzi ambacho mtu wa kazi hiyo angekitumia: tunga, tega, unga, simika, panga, andaa, tegesha. Ukikosa kabisa, "weka" ibaki.

Na "seti" nayo ina mipaka. Inafaa kwa vitu vilivyotengenezwa kwenda pamoja. "A set of rules" ni kanuni au utaratibu, si seti ya kanuni. "A set of reasons" ni sababu kadhaa. Wengine hukimbilia "jozi", lakini jozi ni viwili. Vikombe sita haviwi jozi.

## Hatua ya 7: Mpigie mtu wa kazi

Usimuulize "set ni nini kwa Kiswahili?" Atakujibu "seti" ili muachane salama. Mweleze tukio: "Zege likifika pale haliwezi tena kusawazishwa kwa mwiko, nyie mnasemaje?" Neno atakalolitoa bila kufikiri ndilo la kuandika.

Kisha msomee sentensi yako nzima ya Kiswahili na umwulize angefanya nini akiisoma. Jibu lake likilingana na kitendo kinachotakiwa na Kiingereza, umemaliza. Akisema "naelewa" bila kueleza kitendo, hujamaliza. Heshima ya kwetu inamfanya mtu akubali asichokielewa, hasa mbele ya mwenye karatasi, kwa hiyo dai kitendo kwa upole.

Akikupa neno la mtaa mmoja tu, kwa mfano la Kihehe au Kinyakyusa lililovaa Kiswahili, liandike daftarini lakini kwenye kipeperushi cha mikoa kadhaa tumia linaloeleweka Iringa hadi Tukuyu.

## Hatua ya 8: Funga kwenye daftari

Kila maana iliyothibitishwa ipewe kisanduku chake, kwa wino. Mfano wa kisanduku kamili:

> set – kitenzi, hakina mtendwa
> Ukoo: wa kwanza, kutulia
> Uwanja: ujenzi
> Sentensi: "Use before the concrete begins to set."
> Kiswahili: kushika
> Usiandike: kukauka, kuweka
> Aliyethibitisha: fundi mwashi

Mstari wa "Usiandike" ndio utakaokuokoa zaidi miezi sita baadaye, ukiwa na haraka.

Ndani ya waraka mmoja, maana moja ibaki na neno moja. Ukiandika "kushika" ukurasa wa pili na "kuganda" ukurasa wa tano, fundi atadhani ni mambo mawili.

## Mfano mzima, kutoka mwanzo

Chukua aya hii ya maelekezo ya kujenga uzio wa shamba:

"Set the posts before the rains set in. Mix one bag at a time: concrete that has begun to set must not be used. Set aside any cracked posts. The price set by the group includes a set of tools for each farmer."

Kuna "set" sita. Ya kwanza ni kitenzi cha amri chenye mtendwa, nguzo, ukoo wa kukalisha: simika. Ya pili imeshikana na "in" na haina mtendwa: mvua kushika. Ya tatu ni kitenzi kisicho na mtendwa, uwanja wa ujenzi: kushika. Ya nne imeshikana na "aside", mtendwa ni kitu, si uamuzi: tenga. Ya tano inafuata "the price" na kufuatwa na "by the group", hivyo ni hali ya kutendwa: iliyopangwa. Ya sita ni nomino baada ya "a", vitu vinavyokwenda pamoja: seti.

Tafsiri: "Simikeni nguzo kabla mvua hazijashika. Changanyeni mfuko mmoja mmoja, kwani zege lililoanza kushika halifai kutumika. Nguzo zenye ufa zitengeni. Bei iliyopangwa na kikundi inajumuisha seti ya vifaa kwa kila mkulima."

"Kushika" imetokea mara mbili kwa vitu viwili, mvua na zege. Hapa haina madhara kwa sababu kila moja imetajwa na mwenyewe. Kama zingekuwa kwenye sentensi moja, ya mvua ingebadilishwa kuwa "hazijaanza kunyesha mfululizo". Na "seti ya vifaa" ina deni: mkulima atauliza ni vifaa gani. Kama orodha iko ukurasa mwingine, elekeza huko.

## Maneno mengine ya kufanyia zoezi

Hatua ni zile zile, lakini uzito unahama. "Run" sasa linatajwa kuwa limelipita "set" kwa wingi wa maana, ila ukoo wake ni mmoja wa kwenda na kutiririka, kwa hiyo huko hatua ya 4 inasaidia kidogo na hatua ya 5 ndiyo inayobeba kazi.

Kwa mengine ukoo unamaliza kila kitu. "Match" ya kiberiti imetoka Kifaransa cha kale na awali ilikuwa utambi. "Match" ya mechi na ya kulingana imetoka kwenye neno la Kiingereza cha kale la mwenzi. "Bark" ya gome la mti imetoka lugha za Skandinavia, "bark" ya mbwa ni ya Kiingereza cha kale. "Pound" zina koo tatu: ya fedha na uzito kutoka Kilatini, ya kutwanga, na ya zizi la mifugo iliyokamatwa. Hiyo ya tatu ikitokea kwenye barua ya halmashauri kuhusu ng'ombe, usije ukawatoza wafugaji pauni.

"Fell" ijaribu ukiwa na karatasi yoyote ya misitu, kwa mfano ya mashamba ya misonobari ya Sao Hill kule Mufindi. "The tree fell" ni mti ulianguka, wakati uliopita wa "fall". "Fell the tree" ni angusha mti, kitenzi cha kusababisha, na wakati wake uliopita ni "felled". Tafsiri hizi tatu kwa daftari lako:

"Ten trees fell last night."

"They fell ten trees every day."

"Ten trees were felled before the rains set in."

Majibu: miti kumi ilianguka usiku wa kuamkia leo, wanaangusha, au huangusha, miti kumi kila siku, miti kumi iliangushwa kabla mvua hazijashika. Kama ya pili uliandika "walianguka miti kumi", rudi hatua ya 2 na utafute mtendwa.